Kwa nini tulikatazwa kuingia ziwani saa sita ya mchana wakati wa vakansi?

#1 Mwana_Himbi
Wakubwa, jioni njema. Nauliza hasa waliokulia Himbi, Keshero na kule chini karibu na bandari ya Goma. Wa Bukavu pia waseme, Ziwa Kivu ni lile lile.

Vakansi kubwa, kuanzia Julai mpaka shule zinafunguliwa Septemba, sisi tulikuwa watoto wa maji. Asubuhi unatumwa ziwani na bidoni ya maji: ruksa. Jioni unatumwa tena: ruksa. Kati ya saa sita na saa tisa, mtu mzima yeyote akikukuta majini, hata kama hamjuani, anakuchapa hapo hapo, kisha anakupeleka kwenu uchapwe tena. Koko, bibi yangu, alikuwa na jibu moja: "Saa hiyo ziwa lina wenyewe." Ukiuliza wenyewe ni nani, anaendelea kuchambua sombe, majani ya mihogo.

Sasa nina watoto, nawakataza saa zile zile. Juzi wameniuliza sababu, nikawaambia waende wakacheze. Nani aliwahi kuelezwa sababu yenyewe?

#2 YayaKeshero
Kwetu tuliambiwa kuna mwanamke anakaa juu ya jiwe, nywele ndefu, anachana. Ukimwona usikimbie, usimsalimie, rudi kinyumenyume. Kaka yangu mkubwa aliapa alimwona. Tulipomuuliza alivaa nini, kila siku alitaja nguo nyingine.

#3 Tembo_wa_Birere
Bandugu, sababu iko moja: bugali. Saa sita bugali inaiva, mama hana muda ya kutafuta mutu ku ziwa. Bengine bote banawadanganya.

#4 Mwana_Himbi
Tembo, wewe wa Birere ziwa ulilionea wapi? Nyinyi mlikuwa watoto wa vumbi.

#5 Tembo_wa_Birere
Tulikuwa tunapita Baryeri Ndogo, ku mpaka ya Rwanda, tunaenda kuoga Gisenyi ku mchanga. Nyinyi mulikuwa munakatwa miguu na mawe ya volkano mu maji ya kwenu. Nani alikuwa na ziwa?

#6 Kadogo_Virunga
Acheni hadithi za koko. Sababu ni gesi. Ziwa Kivu limejaa gesi chini. Saa sita jua likiwa kali maji yanapata moto, gesi inapanda juu, mtoto anavuta mara moja tu anazimia. Wazee walijua bila kwenda shule.

#7 Majiwe_Matupu
Kadogo, gesi ipo, hilo hakuna anayebisha. Lakini iko mbali na miguu ya mtoto. Ziwa lina kina cha kama mita 485 pale linapozama zaidi, na maji yenye gesi nyingi yako chini ya mita 250 hivi. Yale maji ni mazito kuliko ya juu, yana chumvi na kaboni dioksidi iliyoyeyuka, ndiyo maana hayapandi na hayachanganyiki. Jua la saa sita halifiki huko. Maji ya juu yenyewe yanakaa kwenye nyuzi 23 au 24 karibu mwaka mzima, kwa hiyo habari ya kupata moto iondoe.

Na gesi ikiamua kutoka haitangoja mchana. Ziwa Nyos kule Kameruni lililipuka tarehe 21 Agosti 1986, usiku, wakafa watu zaidi ya 1,700, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Hata yule ambaye hakugusa maji alikufa.

#8 Kadogo_Virunga
Sawa mwalimu. Na mazuku je, ile gesi ya mashimoni? Yale hayangoji ziwa lilipuke. Yapo pale pale ukingoni, kuelekea Lac Vert na Mugunga. Mtu anaingia kwenye kishimo kuokota mpira, hatoki.

#9 YayaKeshero
Mazuku ni kweli kabisa. Jirani yetu alifunga mbuzi wawili kwenye bonde dogo karibu na maji, nyasi zilikuwa nzuri. Asubuhi wote wamelala kama wamechoka, hawana kidonda. Tangu siku hiyo papa alitukataza kuingia shimo lolote hata kama tumeangusha pesa.

#10 Majiwe_Matupu
Pole kwa jirani, lakini soma ulichoandika: asubuhi. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Inajaa usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Mchana upepo wa ziwa unaitawanya. Kama wazazi walikuwa wanaogopa mazuku, wangetukataza saa kumi na moja ya asubuhi. Na saa hiyo ndiyo tuliyokuwa tunatumwa maji, tena gizani, tena bila viatu.

#11 Tembo_wa_Birere
Hahaha. Kifo kiko asubuhi, mama anasema "kimbia foleni haiyaanza."

#12 Nguba_Original
Habari zenu watu wa Goma. Bukavu tunawasoma tu. Sisi tumejaliwa, ziwa linaingia mjini lenyewe: Nguba, Muhumba, La Botte, kila upande ukitazama kuna maji. Nyinyi mna ukingo mmoja wa mawe meusi.

Jibu langu kwa Mwana_Himbi: kwetu marufuku haikuwa saa sita. Ilikuwa jioni, kuanzia saa kumi na mbili. Saa sita tulikuwa majini na hakuna aliyetusumbua. Kwa hiyo hao "wenyewe" wa koko wako wanafanya kazi kwa zamu, mchana Goma, usiku Bukavu.

#13 Mwana_Himbi
Nguba_Original, hii mpya. Mlielezwa kwa nini jioni?

#14 Nguba_Original
Boti. Jioni boti za kwenda kisiwa cha Idjwi na Goma zinapita, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka. Ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu katikati. Mtoto akiwa majini gizani hawamwoni. Ila binafsi nadhani mama alikuwa anaogopa baridi. Kiangazi Bukavu jioni si mchezo, unatoka majini meno yanagongana.

#15 Mzee_wa_Bandari
Salamu. Nimesoma mpaka hapa, niongeze la wakati wetu, miaka ya 80.

Mnasahau kwamba Rais Mobutu alikuwa na makao yake hapa Goma, kwenye ziwa kabisa. Walinzi wake hawakutaka kuona mtoto anaelea karibu. Akiwa mjini, ukingo wote wa upande ule unakuwa mtupu. Mama yangu alituambia waziwazi: "Ziwa la leo ni la mkubwa." Nashuku neno la koko wako, Mwana_Himbi, lilitoka huko. Wenyewe walikuwa na bunduki.

#16 Kadogo_Virunga
Mzee, hiyo inaeleza siku Mobutu alipokuwa Goma. Hakuwa Goma kila siku saa sita.

#17 Mzee_wa_Bandari
Mwanangu, hofu haikuwa na kalenda. Ulifukuzwa mara moja, mwaka mzima hukanyagi.

#18 Majiwe_Matupu
Mzee shikamoo. Unayosema yanawezekana kwa Himbi. Lakini Keshero walikatazwa pia, na pale palikuwa mbali kidogo na makao hayo wakati ule. Na Mwana_Himbi hajasema alizaliwa lini.

#19 Mwana_Himbi
Nilikuwa mtoto baada ya 1994. Mobutu nilimwona kwenye noti.

#20 Mama_Mawese
Ahaa, baada ya 1994! Basi jibu ni kipindupindu. Mmesahau haraka? Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Goma imejengwa juu ya lava, haina mto, kuchimba choo tu ni kazi ya nyundo na patasi. Watu wote wale walikunywa ziwa hilo hilo. Kipindupindu kilichofuata kiliua maelfu na maelfu. Mzazi aliyeona miili kando ya barabara angekuruhusu ucheze majini umefungua mdomo? Mimi nilikuwa na miaka ya kuelewa. Mpaka leo maji ya ziwa siyanywi hata yakiwa yamechemshwa, mniwie radhi.

#21 Mwana_Himbi
Mama pole. Hilo linagusa. Ila kipindupindu hakiangalii saa, na bidoni za asubuhi na jioni tulikuwa tunazileta nyumbani, tunaweka dawa, tunakunywa.

#22 Uvira_Boy
Naingia bila kubisha hodi. Nyinyi watu wa Kivu mnaogopa nini ziwani? Ziwa lenu halina mamba! Njooni Uvira. Kwetu Tanganyika, ukikatazwa kuingia majini huulizi sababu, sababu unaiona imelala kwenye mchanga imefungua mdomo. Na viboko wanatembea barabarani usiku kama wana nyumba mjini.

#23 Tembo_wa_Birere
Kweli, mbona Kivu haina mamba? Koko alisema mamba walifukuzwa na mufalme fulani.

#24 Nguba_Original
Sisi tuliambiwa maji ni baridi mno kwa mamba. Ziwa liko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari.

#25 Kadogo_Virunga
Gesi iliwaua zamani.

#26 Uvira_Boy
Kadogo, wewe kila kitu gesi. Mvua isiponyesha gesi, mke akinuna gesi.

Mimi naona ni mto Ruzizi. Inatoka kwenu Bukavu, inashuka kwenye magenge mpaka kwetu, Tanganyika iko mita 770 na kitu. Mamba gani atapanda mita karibu 700 za mawe na maporomoko kuja kula sambaza? Na akifika anakuta mabwawa ya umeme.

#27 Majiwe_Matupu
Mabwawa ni ya juzi, Ruzizi ya kwanza ni ya mwisho wa miaka ya 1950. Mamba walikuwa na maelfu ya miaka kabla ya hapo. Na kumbuka kwamba zamani sana maji ya bonde hili yalikuwa yanaelekea kaskazini, kabla volkano za Virunga hazijaziba njia. Ziwa likajaa mpaka likapata tundu upande wa Bukavu. Kwa hiyo swali si tu kwa nini hawapandi kutoka kusini, ni kwa nini hawakubaki wale wa kaskazini, kama walikuwepo. Hapo kila mtu ana lake. Kadogo hajakosea sana kusema gesi, wapo wataalamu wanaofikiri ziwa liliwahi kugeuka na kuua viumbe. Lakini baridi peke yake mimi siamini.

#28 Kadogo_Virunga
Hapo sasa. Piga picha ukurasa huu, nitauhifadhi.

#29 Uvira_Boy
Hata sambaza mnazojivunia zimetoka kwetu. Wazungu walizibeba kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakazimwaga kwenu kwa sababu katikati ya ziwa lenu palikuwa hakuna cha kuvua. Mnapokaanga, mshukuru.

#30 Nguba_Original
Tumeshukuru. Sasa zimekuwa tamu kuliko za kwenu, zimepata malezi.

#31 Lushois_wa_Kenya
Nawasalimu kutoka Lubumbashi. (Kenya ni komini yetu, si ile nchi, msianze.) Sisi hatukuwa na ziwa kama lenu mjini, vakansi zetu zilikuwa mipira ya barabarani na kuiba maembe. Lakini huyo mwanamke wa YayaKeshero namjua vizuri: ni mamba muntu. Alikuwa saloni kwetu! Miaka ya 70 kila nyumba ya mfanyakazi ilikuwa na picha yake ukutani: nusu mtu, nusu samaki, saa mkononi, nyoka pembeni. Papa alikuwa anasema huyo anatoa utajiri, lakini ukimpokea usioe mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa naogopa kukaa kiti kilichotazamana naye. Kwa hiyo si wa Keshero peke yenu.

#32 YayaKeshero
Lushois asante! Kaka yangu sasa ana shahidi.

#33 Mama_Bidoni
Nimekaa kimya nawasoma nyinyi wanaume. Mmeleta gesi, mamba, Mobutu, mamba muntu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wasichana walikuwa wapi saa sita.

Niwaambie. Vakansi ya msichana wa Himbi haikuwa kuplonje kutoka juu ya jiwe. Asubuhi mnabeba beseni la nguo mnashuka ziwani na mama na tantini. Mnafua. Nguo mnazianika juu ya mawe ya lava, yale meusi, yanashika moto vizuri, shuka linakauka kabla hujamaliza soksi. Saa sita kazi imeisha, nguo zinakauka, wanaume wako kazini au wamelala. Wavuvi wa usiku ndio kabisa, hawaamki mpaka saa tisa. Basi saa hiyo wanawake walikuwa wanaoga. Mama zenu, shangazi zenu, wote, kwenye kona yenye mawe marefu. Wanasuguana migongo, wanacheka, wanasemana mambo ambayo mimi nilijifanya siyasikii. Wavulana wakikaribia wanarushiwa mawe. Mawe madogo, lakini mawe.

"Saa hiyo ziwa lina wenyewe." Kaka, koko wako hakukuficha kitu. Wenyewe ni yeye.

#34 Tembo_wa_Birere
🙆🏾‍♂️

#35 Mwana_Himbi
Mama_Bidoni… nimesoma, nimenyamaza, nimesoma tena. Ni kona ipi hiyo?

#36 Mama_Bidoni
Bado unataka kuijua? Hujakua.

#37 Mzee_wa_Bandari
Dada yangu amesema neno zito. Lakini nina swali. Wakati wetu wanawake walikuwa wanaogea jioni, giza likiingia, si mchana kweupe. Mchana na mitumbwi inapita wangewezaje?

#38 Mama_Bidoni
Mzee kwa heshima yote, wewe ulijuaje walikuwa wanaogea jioni?

#39 Nguba_Original
Uzi umefikia patamu. Naleta kiti.

#40 Mzee_wa_Bandari
Nilisikia tu.

#41 YayaKeshero
Kwa upande wa Keshero namuunga mkono Mama_Bidoni nusu. Wanawake walikuwepo saa sita, ndiyo, lakini walikuwa wanafua hadi saa nane, hasa Jumamosi. Kuoga kila mtu aliogea kwenye parseli, uani kwao. Na Kituku, pale penye soko, hapakuwa na faragha hata ya kuku: mitumbwi ya Minova na Idjwi inashusha mihogo, ndizi, mbuzi, watu wanapiga kelele. Hakuna mwanamke angevua nguo pale. Sisi wa Kituku tulikatazwa pia. Kwa hiyo?

#42 Mama_Bidoni
Kituku mlikatazwa kwa sababu ya mitumbwi. Kila mahali pana sababu yake, mnatafuta moja ya nini?

#43 Fundi_Mtumbwi
Mimi ni wa kazi yenyewe, sina maneno mengi. Kiangazi, asubuhi ziwa limelala. Ikifika saa sita, saa saba, upepo unaamka, mawimbi yanaanza. Na ukingo wa Goma hauna kushuka taratibu. Unatembea maji ya kiuno, hatua nyingine hakuna chini. Lava ilimwagika zamani ikakatika pale, ni ukuta. Mtoto akisukumwa na wimbi hatua moja, imekwisha. Saa hiyo sisi wavuvi tumelala, tumekesha na taa usiku mzima. Hakuna mwenye mtumbwi wa kumfuata. Asubuhi na jioni tupo. Papa yangu alimtoa mtoto wa jirani saa moja asubuhi, yuko hai, ana wajukuu. Aliyezama saa saba tulimpata siku ya tatu.

#44 Mwana_Himbi
Fundi, pole sana. Asante kwa kusema.

#45 Majiwe_Matupu
Hii ya Fundi ndiyo nzito kwangu. Ukingo kweli umekatika ghafla, hasa upande wa kaskazini.

#46 Kadogo_Virunga
Naongeza: ukingo wenyewe haukai mahali pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliposhusha lava, ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani. Pale tulipokuwa tunaoga pakawa nchi kavu. Kwa muda maji ya karibu yalikuwa vuguvugu, tulienda kuonja kwa vidole. Vakansi ya mwaka ule hatukujua tena wapi pana kina. Mama alikataza saa zote, asubuhi, mchana, jioni. Maji tulikuwa tunanunua, yanaletwa kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo.

#47 Tembo_wa_Birere
Kwetu ile lava ilipita mu parseli. Vakansi ya 2002 mchezo ulikuwa kuponda majiwe ya kujengea. Batoto na nyundo. Nani alikuwa na nafasi ya ziwa?

#48 YayaKeshero
Tembo, kwa mara ya kwanza uzi huu nimekuonea huruma.

#49 Lushois_wa_Kenya
Swali la mgeni: sasa hivi watoto wa Goma bado wanaoga ziwani? Nilifika kikazi kabla ya 2020, Himbi nzima niliona kuta na mageti. Ziwa nililiona kutoka hotelini, nimelipia soda ili nilitazame.

#50 Mama_Mawese
Umegusa kidonda. Avenyu nyingi zilikuwa zinashuka mpaka majini. Leo unashuka, unakutana na geti na mlinzi anakuuliza unamtafuta nani. Namtafuta ziwa! Parseli zimeuzwa, ukuta umeingia mpaka kwenye maji. Watoto wamebakiwa na Kituku na vijia viwili vitatu vya kuchotea maji, na pale palipobaki pamejaa pikipiki zinazooshwa. Tulikuwa tunafukuzwa masaa matatu kwa siku. Wao wanafukuzwa masaa yote, na hakuna hata koko wa kuwaambia sababu.

#51 Nguba_Original
Bukavu ndio usiseme. Muhumba na Nguba nyumba zinashuka kwenye mteremko mpaka ziko majini, na takataka zote za mlimani mvua ikinyesha zinaishia ziwani, chupa za plastiki mpaka pale Ruzizi zinaziba mitambo ya umeme. Sisi vakansi tulikuwa tunahesabu fisi maji, wale wanaozama na kuibuka na samaki mdomoni. Mwanangu anahesabu chupa.

#52 Uvira_Boy
Fisi maji mnao? Basi ndio mamba wenu. Hongereni.

#53 Mwana_Himbi
Taarifa. Nimempigia mama simu leo. Koko hayupo tena, lakini mama yupo, na ndiye alikuwa anashika fimbo. Nimemuuliza: mama, kwa nini saa sita? Akasema: "Mimi? Mimi sikuwakataza. Nilikuwa nawachapa kwa sababu koko wenu aliwakataza." Nikamuuliza, na koko alikuambia sababu? Akasema koko hakuwa mtu wa kuulizwa. Nikamtajia ya Mama_Bidoni, akacheka sana, akakata simu.

#54 Mama_Bidoni
Aliyekata simu amejibu.

#55 Majiwe_Matupu
Kucheka si ushahidi.

#56 Tembo_wa_Birere
Majiwe, wewe hata kwenye harusi unaomba ushahidi.

#57 YayaKeshero
Nani anakumbuka jinsi walivyokuwa wanatukamata? Unafika nyumbani mkavu kabisa, umeanika nguo, umejipaka vumbi, unasema ulikuwa kwenye mpira. Mama anakushika mkono, anakukwaruza kwa ukucha. Ukitoka mstari mweupe, umekwisha.

#58 Kadogo_Virunga
Dawa yake ilikuwa mawese. Tulikuwa tunaficha kichupa chini ya jiwe, ukitoka majini unajipaka mikono na miguu. Hakuna mstari.

#59 Mama_Mawese
Na sisi tulikuwa tunanusa. Mtoto gani anarudi kwenye mpira ananuka mawese kama sombe?

#60 Msimamizi
Ndugu, uzi ni mzuri, ila mambo ya bei ya sambaza na nani kaleta samaki yameanza kujaa kwenye sanduku langu la ujumbe. Yafungulieni uzi wake. Na Uvira_Boy, punguza.

#61 Uvira_Boy
Nimepunguza.

#62 Mwana_Himbi
Jumamosi nawapeleka wangu kupitia kijia cha kuchotea maji, asubuhi mapema, Fundi amenitisha na ule ukuta. Hawajui kuelea. Sisi tulijifunza kwa bidoni tupu ya lita 20 iliyofungwa kifuani kwa kamba. Ninayo moja ila ina tundu upande wa chini. Nani anakumbuka tulikuwa tunaziba na nini?

#63 Fundi_Mtumbwi
Kata kipande cha bidoni nyingine ya rangi ile ile. Kichome, kikianza kudondoka dondoshea juu ya tundu, kandamiza kwa kisu kilichopashwa moto. Mfuko wa plastiki haufai, unabanduka majini. Kisha funga kifuniko, zamisha kwenye beseni, utazame kama inatoa mapovu. Ikitoa hata povu moja, usimpe mtoto.

#64 Kadogo_Virunga
Mapovu hayo ni gesi.

#65 Fundi_Mtumbwi
Na kamba ipite chini ya makwapa, si shingoni.